Hukumu ni Amana: Hakimu Akimlegezea Aliyebaka, Ataulizwa Wapi?

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Hakimu wa mahakimu wote, asiyemdhulumu mtu hata uzito wa chembe. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote.

Ama baada ya haya, somo hili lahusu jambo ambalo watu wengi huona haya kulitaja barazani, wala hawaoni haya kulinyamazia. Mwanamke au mtoto aingiliwapo kwa nguvu, shauri likafika mahakamani, ushahidi ukathibiti, kisha hakimu akatoa adhabu nyepesi isiyolingana na sheria, je, hakimu huyo yuko juu ya kuulizwa? Na ikiwa huulizwa, ni nani amwulize, na kwa njia gani? Neno kadhi na neno hakimu katika somo hili yana maana moja, yaani kila akaaye kuhukumu kati ya watu. Mahakama za Kadhi za Unguja na za Kenya leo husikiliza mambo ya ndoa, talaka na mirathi, wala makosa ya jinai si kazi yao.

MUQADDAMA: Misunkumilo na mtu wa pwani

Misunkumilo ni kata moja katika Manispaa ya Mpanda, Mkoa wa Katavi, upande wa magharibi wa Tanzania. Mtu wa pwani atakaye kufika huko huiandama reli toka Dar es Salaam hata Tabora, akapita Kaliua, kisha akashika njia ya kusini mpaka reli inapokoma. Mkoa huo uliundwa mwaka 2012 kwa kukatwa katika Mkoa wa Rukwa.

Uchunguzi wa afya na uzazi uliofanywa Tanzania nzima mwaka 2015 na 2016 uliikuta Katavi kuwa mbele ya mikoa yote kwa wasichana walioanza kuzaa wangali wadogo. Katika kila wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 mpaka 19, wasichana 45 walikuwa wamekwisha zaa au walikuwa na mimba. Hesabu ya nchi nzima ilikuwa 27 katika 100. Si kila mimba ya hesabu hiyo ni jinai, kwani wengine walikuwa watu wazima, na wengine walikuwa ndani ya ndoa. Lakini sheria ya Tanzania yasema kuwa mwenye kumwingilia msichana asiyetimiza miaka 18, ambaye si mkewe, amebaka, hata kama msichana aliridhika. Basi nyuma ya hesabu ile yamo makosa mengi ambayo hayakumfikia hakimu, na mengine yaliyomfikia yakatoka mikononi mwake yakiwa mepesi kama unyoya.

Msomaji wa Mvita, wa Tanga au wa Bagamoyo asiseme, hayo ni ya bara, yanihusu nini? Sheria imhukumuyo mtu wa Mpanda ndiyo imhukumuyo mtu wa Tanga, na hakimu aliye Mpanda leo aweza kuhamishwa kesho akahukumu Pangani. Na pwani yenyewe haikusalimika, kama itakavyoonekana mbele katika shauri la Malindi.

FASILI YA KWANZA: Hukumu si mali ya hakimu

Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Sura An-Nisaa kuwa amana zirudishwe kwa wenyewe, na papo hapo akaamrisha kuwa wanaohukumu baina ya watu wahukumu kwa uadilifu. Wanavyuoni wameona katika kuunganishwa kwa maneno haya mawili kuwa hukumu yenyewe ni amana. Mwenye amana hana ruhusa ya kuitoa sadaka. Akipewa fedha ya yatima aitunze, hawezi kumsamehe mdeni wa yatima kwa kuwa yeye ana moyo mpole. Upole huo angeufanya kwa fedha yake.

Hakimu naye ni vivyo hivyo. Adhabu ya aliyebaka si deni lake yeye hakimu hata aweze kulisamehe. Ni haki ya aliyedhulumiwa, na ni haki ya watu wote watakao salama ya binti zao. Akiipunguza bila ya sababu inayokubaliwa na sheria, amekuwa karimu kwa mali ya mtu mwingine.

Imepokewa na Abu Daud na wengineo, kutoka kwa Buraida, kuwa Mtume (S.A.W.) aliwagawa makadhi mafungu matatu. Fungu moja ni la peponi, nao ni walioijua haki wakahukumu kwayo. Mafungu mawili ni ya motoni: walioijua haki wakapotoka makusudi, na waliohukumu kwa ujinga. Na azingatie msomaji kuwa ujinga haukumwokoa kadhi. Aliyekubali kukaa katika kiti hiki amekubali pia kujifunza, na akikosa kujifunza, ile ni hatia wala si udhuru.

Tena yajulikana katika hadithi sahihi habari ya mwanamke wa Bani Makhzum, kabila tukufu la Makureshi, aliyeiba. Jamaa zake waliona haya iwapo atapata adhabu, wakamtuma Usama bin Zaid, kipenzi cha Mtume (S.A.W.), aende kumwombea. Mtume alikasirika, akawaeleza watu kuwa umma za kale ziliangamia kwa jambo hilo hilo: mtukufu akikosa huachwa, na mnyonge akikosa huadhibiwa. Akaapa kuwa hata angalikuwa ni Fatima binti yake asingaliachwa. Basi maombezi ya wakubwa, nayo ndiyo mama wa ulegevu wa mahakama nyingi, yalifungiwa mlango tangu siku ile.

FASILI YA PILI: Mahali pa huruma na mahali pa sheria

Huenda msomaji akauliza, je, dini haikuamrisha huruma? Imeamrisha. Lakini kila kitu kina mahali pake, na makosa mengi ya mahakimu katika mambo haya hutokana na kuiweka huruma pasipo mahali pake.

Kabla ya ushahidi kuthibiti, hakimu yapasa amwonee huruma mshitakiwa. Shaka yoyote ya haki ni faida yake. Kumwacha mkosa kwa shaka ni afadhali kuliko kumwadhibu asiye na hatia, na hili wamekubaliana wanavyuoni wa sharia na wanasheria wa leo. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kutoka kwa Wail bin Hujr habari ya mwanamke aliyetoka kwenda kusali, akavamiwa njiani na mtu akamwingilia kwa nguvu. Watu wakamkamata mtu mwingine aliyekuwa akipita, naye mwanamke akadhani ndiye. Ilipokaribia kutolewa amri ya adhabu, aliyefanya hasa akasimama akakiri. Mtume (S.A.W.) akamwambia mwanamke aende zake salama, na yule aliyekamatwa kwa makosa akamwambia maneno mema. Katika habari hii mna mafunzo mawili. La kwanza, mwanamke hakulaumiwa, wala hakuulizwa kwa nini ametoka. La pili, asiye na hatia aliokolewa asiadhibiwe kwa kosa la mwenziwe.

Lakini ushahidi ukisha kuthibiti, mizani hugeuka. Hapo huruma ya kwanza ni ya aliyeumizwa. Katika zama za Sayyidna Umar (R.A.), kama alivyopokea Bukhari, mtumwa mmoja wa serikali alimlazimisha kijakazi. Umar akampiga mijeledi na kumfukuza mji, wala hakumwadhibu kijakazi, kwa kuwa alilazimishwa. Na Imamu Malik ametaja katika Muwatta kuwa Abdulmalik bin Marwan alimhukumu aliyemlazimisha mwanamke amlipe mahari yake. Basi haki mbili zilitambuliwa zamani, adhabu kwa aliyekosa na fidia kwa aliyekosewa. Hakimu asahauye moja katika hizo amefanya nusu ya kazi.

FASILI YA TATU: Sheria ya nchi na njia za ulegevu

Mwaka 1998 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria maalumu ya makosa ya kujamiiana, nayo ikaingizwa katika Kanuni ya Adhabu. Kwa sheria hiyo, mwenye kuthibitika kuwa amebaka hufungwa maisha, au kwa vyovyote si chini ya miaka 30, pamoja na kulipa fidia atakayoikadiria mahakama. Akiwa aliyebakwa ni mtoto aliye chini ya miaka 10, adhabu ni kifungo cha maisha. Wakiwa waliobaka ni kundi, kila mmoja wao hufungwa maisha. Kijana asiyezidi miaka 18 ametengwa na sheria yenyewe akapewa adhabu ndogo. Unguja na Pemba zina sheria yao ya adhabu, ya mwaka 2018.

Msomaji atauliza, ikiwa sheria imeweka miaka 30, ulegevu wapenya wapi? Wapenya kwa milango ya nyuma, na ni vema kuijua.

Kwanza, kosa hubadilishwa jina. Aliyebaka hushitakiwa au hutiwa hatiani kwa shambulio la aibu, ambalo adhabu yake ni ndogo, ilhali ushahidi wasema vingine.

Pili, umri huchezewa. Mtu mzima husema ni kijana wa miaka 17 ili apate adhabu ya kijana, na binti wa miaka 15 hufanywa wa miaka 18. Hakimu asiyetaka cheti cha kuzaliwa, wala ushahidi wa mzazi, wala wa mganga, ameuacha mlango wazi.

Tatu, uzembe wa kalamu. Mtoto mdogo kabla ya kutoa ushahidi yampasa aahidi mbele ya mahakama kusema kweli, na ahadi hiyo iandikwe. Hakimu asipoandika, ushahidi wa mtoto hukosa nguvu katika rufaa, na aliyefungwa hutoka. Watu husema Mahakama ya juu imemwachia, kumbe aliyemwachia ni kalamu ya hakimu wa kwanza.

Nne, tarehe. Shauri huahirishwa mara hii na mara hii, hata mashahidi wamehama na binti ameozwa mbali. Katiba ya Tanzania, ibara ya 107A, yakataza kuchelewesha haki bila ya sababu ya msingi, na ibara hiyo hiyo yaamrisha kuwa aliyeumizwa na kosa la mwingine alipwe fidia ipasayo.

Tano, kutafuta mashahidi wa macho. Jambo hili hufanywa faraghani, na anayetafuta shahidi wa macho atafuta kisichopatikana. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikwisha eleza mwaka 2006 kuwa ushahidi wa kweli wa kosa hili ni wa yule aliyetendewa. Kazi ya hakimu ni kumpima kama asema kweli. Haifai kumkataa kwa kuwa yu peke yake.

FASILI YA NNE: Shauri la Malindi na lililofuata

Sasa yafuata yaliyotokea pwani yenyewe, upande wa Kenya. Sheria ya Kenya ya makosa ya kujamiiana, ya mwaka 2006, imeweka kifungo kisichopungua miaka 20 kwa mwenye kumnajisi mtoto wa miaka 12 mpaka 15. Imempa mshitakiwa nafasi ya kujitetea akithibitisha kuwa mtoto alimdanganya umri wake, naye akaamini kwa sababu za maana baada ya kujaribu kuujua umri huo.

Mtu mmoja alitiwa hatiani kwa kumnajisi msichana wa miaka 13, akapewa miaka 20. Alikata rufaa Mahakama Kuu ya Malindi, na mwezi wa Aprili 2016 Jaji Said Chitembwe akamwachia huru, akieleza katika hukumu yake kuwa msichana yule alijiendesha kama mtu mzima. Hukumu hiyo ililaumiwa ndani ya Kenya na nje yake. Mwaka 2017 jumuiya ya Women's Link Worldwide iliihesabu miongoni mwa hukumu mbaya za ulimwengu katika haki za wanawake.

Mtoto wa miaka 13 akifanya kama mtu mzima hawi mtu mzima, kama vile yatima akiidhinisha mwenyewe kuuzwa kwa shamba lake halihalaliki kwa mnunuzi. Sheria zimemwekea mtoto walii kwa sababu hana uwezo wa kujifungia mkataba ulio mzito. Atakayetoa hoja ya ridhaa yake amekwisha ipindua maana ya utoto.

Jaji huyo baadaye aliondolewa kazini. Baraza la uchunguzi liliundwa mwaka 2022, na mwaka 2023 likapendekeza aondolewe. Lakini na afahamu msomaji, na hapa ndipo penye somo: hakuondolewa kwa hukumu ya Malindi. Aliondolewa kwa mambo mengine ya mwenendo. Hukumu mbaya na mwenendo mbaya ni vitu viwili, na kila kimoja kina mlango wake.

Hukumu mbaya dawa yake ni mahakama ya juu. Mwezi wa Mei 2022 Mahakama Kuu ya Machakos ilisema kuwa mahakimu wa Kenya waweza kushuka chini ya kiwango cha adhabu kilichowekwa na sheria hii. Wengi wakafuata, na mwaka huo huo wa 2022 Mahakama ya Rufani ikampunguzia aliyemnajisi mtoto, toka miaka 20 hata 15. Mkurugenzi wa Mashtaka hakunyamaza, akapanda mpaka Mahakama ya Juu. Mwezi wa Julai 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha miaka 20, ikasema kuwa sheria ikisha kuweka kiwango cha chini, hakimu hana ruhusa ya kukivuka. Hakuna aliyetukanwa wala aliyepigwa mawe. Kosa lilisahihishwa, na mahakimu wote wa chini wakafungwa na usahihisho ule.

FASILI YA TANO: Milango mitatu ya kumwuliza hakimu

Kumsahihisha mwenye kuhukumu si kumvunjia heshima. Katika Sura Al-Anbiyaa mna habari ya Nabii Daud na Nabii Suleiman (A.S.) walipohukumu juu ya shamba lililoliwa usiku na mbuzi wa watu. Mwenyezi Mungu alimfahamisha Suleiman hukumu iliyo bora, na wote wawili akawasifu kwa hekima na ilimu. Sayyidna Umar (R.A.) naye, katika waraka wake mashuhuri kwa Abu Musa, alimwagiza kuwa hukumu ya jana isimzuie kurejea katika haki akiiona leo. Na Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, ameeleza katika kitabu chake cha hukumu za serikali habari za diwani ya madhalimu, mahali ambapo watu waliwashitaki hata maliwali na wenye madaraka. Basi kuwauliza wakubwa si bidaa iliyoletwa na Wazungu.

Na sasa ichukuliwe mithali. Baba mmoja wa Misunkumilo binti yake wa miaka 14 amebakwa. Alikwenda polisi penye Dawati la Jinsia na Watoto, akampeleka binti hospitali siku ile ile, na shauri likasikilizwa Mpanda. Mshitakiwa akatiwa hatiani, lakini hakimu akampa kifungo cha miaka mitatu. Baba huyu afanye nini?

Mlango wa kwanza ni rufaa. Yeye baba si upande katika shauri la jinai. Wenye shauri ni Jamhuri na mshitakiwa. Kwa hivyo rufaa haimo mikononi mwake, imo mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka. Aende upesi kwa wanasheria wa serikali katika ofisi ya mashtaka ya mkoa, aeleze adhabu iliyotolewa, na aombe kwa maandishi wakate rufaa juu yake. Neno upesi lina maana yake. Kwa utaratibu wa kawaida, taarifa ya kusudio la rufaa ya upande wa mashtaka yatakiwa itolewe ndani ya siku 30, na rufaa yenyewe iingizwe ndani ya siku 45. Baba akikaa miezi mitatu akilia nyumbani, atakuta mlango umeshindikwa.

Mlango wa pili ni mapitio. Mahakama Kuu ina uwezo wa kuitisha jalada la mahakama ya chini na kulitazama kama hukumu na adhabu ni sahihi na halali. Ikiona adhabu imepungua, yaweza kuiongeza, baada ya kumpa aliyehukumiwa nafasi ya kusikilizwa. Barua fupi yenye namba ya shauri, jina la mahakama na tarehe ya hukumu yaweza kuifumbua macho Mahakama Kuu.

Mlango wa tatu ni maadili, na huu ni wa mwenendo tu. Hakimu akila rushwa, akimhukumu jamaa yake, akimdhihaki binti mbele ya watu, au akichelewesha shauri bila ya sababu, hapo hashitakiwi kwa hukumu bali kwa mwenendo. Sheria ya mwaka 2011 ya usimamizi wa Mahakama imeweka Kamati za Maadili za mkoa na za wilaya. Ya mkoa mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa, na ya wilaya ni Mkuu wa Wilaya. Juu yao yuko Tume ya Utumishi wa Mahakama. Ama Jaji wa Mahakama Kuu, Katiba katika ibara ya 110A imeweka kuwa hawezi kuondolewa ila baada ya Rais kuunda tume ya uchunguzi na tume hiyo kupendekeza aondolewe.

Mlalamikaji na aandike alichokiona na alichokisikia, siku na mahali, wala asiandike aliyoyadhani. Kumsingizia hakimu rushwa bila ya ushahidi ni dhambi kubwa, na humharibia mwenyewe shauri lake la kweli.

FASILI YA SITA: Mlango usiofaa

Wako wasemao, hakimu mlegevu dawa yake ni watu kumwinukia. Mfano wao ni wa Marekani. Mwezi wa Juni 2016, katika jimbo la California, Jaji Aaron Persky alimpa kifungo cha miezi sita mwanachuo aliyemdhulumu mwanamke asiyejitambua, ilhali mwendesha mashtaka alitaka miaka sita. Malalamiko yalipelekwa kwa tume ya kuangalia mwenendo wa majaji, nayo mwezi wa Desemba mwaka ule ikasema haikuona utovu wa maadili, kwani sheria ya wakati ule ilimruhusu. Mwaka ule ule sheria ikabadilishwa, kosa kama lile likawa halina budi kifungo cha gereza. Na mwezi wa Juni 2018 raia wakampigia kura jaji wakamwondoa.

Katika habari hii kuna la kuchukua na la kuacha. La kuchukua ni kubadilisha sheria, maana pengo likiwa katika sheria, hakimu mwingine atapita papo hapo. La kuacha ni kumfanya hakimu auogope umati. Hakimu aogopaye kelele leo atamfunga mkosa kwa kelele, na kesho atamfunga mwanao asiye na hatia kwa kelele hizo hizo. Ndiyo maana Katiba ya Tanzania, ibara ya 107B, yaamrisha mahakama ziwe huru. Katika Sura Al-Maida waumini wameamrishwa kuwa chuki yao kwa watu isiwapeleke kuacha uadilifu. Hakimu aogope Mwenyezi Mungu, na aogope mahakama ya juu yake. Hofu hizo mbili zatosha.

FASILI YA SABA: Mahakimu wasio na joho

Yaliyotangulia ni ya mahakimu wa serikali. Limebaki kundi lenye kuhukumu zaidi kuliko wao, wala halitajwi: wazee wa baraza, baba, ami, na mjumbe wa mtaa. Huko Katavi na huku pwani mambo haya mengi hayafiki Mpanda wala Malindi. Hukatwa ukumbini. Baba wa mkosa huja usiku na baba wa binti, wakaitwa wazee wawili, ikatajwa fedha au ng'ombe, ikasomwa Fatiha, na asubuhi binti huambiwa jambo limekwisha. Wengine humwoza binti kwa yule yule aliyemharibu, wakaita ni sitara.

Suala: Je, sulhu si kheri, kama ilivyotajwa katika Kurani?
Jibu: Sulhu ni kheri katika haki ya mtu mwenyewe, akiridhia. Katika hukumu hii ya usiku mwenye haki ni binti, naye hakuulizwa. Tena fedha imeingia mfukoni mwa asiyeumizwa. Hiyo si sulhu, ni biashara.

Suala: Je, kumpeleka polisi jamaa wa karibu si kukata udugu?
Jibu: Aliyekata udugu ni yule aliyembaka. Katika Sura An-Nisaa waumini wameamrishwa kusimamisha uadilifu hata juu ya nafsi zao, wazazi wao na jamaa zao.

Suala: Je, si bora kuficha aibu ya nyumba?
Jibu: Aibu ni ya mtendaji, wala si ya mtendewa. Na mkosa aliyefichiwa la kwanza hufanya la pili. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hakimu wa Mpanda akitoa miaka mitatu badala ya 30, ziko mahakama mbili juu yake. Mzee wa ukumbini akitoa ng'ombe wawili, hana rufaa juu yake, hana jalada, hana kamati. Basi ulegevu wake ni mkubwa zaidi, na kuulizwa kwake kutakuwa siku ambayo hapana wakili. Mwanamume atakaye kumlaumu hakimu na ajitazame kwanza, asije akawa amelikata jambo kama hili nyumbani kwake kwa adhabu iliyo nyepesi zaidi.

KHATIMA

Muhtasari wa somo ni huu. Hukumu ni amana. Shaka ni ya mshitakiwa kabla ya ushahidi kuthibiti. Ukisha kuthibiti, hakimu hana ruhusa ya kuitoa sadaka haki ya mwingine. Hukumu mbaya hurekebishwa kwa rufaa na mapitio, na mwenendo mbaya kwa kamati na tume. Umati na matusi si mlango. Na asiyepeleka shauri mahakamani amejifanya hakimu, naye ataulizwa kama hakimu.

Mwenye kusomesha darasa na awaulize wanafunzi wake maswali haya:

1. Kwa nini kadhi aliyehukumu kwa ujinga hakusamehewa?
2. Huruma ya hakimu ni ya nani kabla ya ushahidi, na ni ya nani baada yake?
3. Taja njia tano ambazo ulegevu hupenya ijapokuwa sheria imeweka miaka 30.
4. Baba wa Misunkumilo ana siku ngapi za kuuharakisha upande wa mashtaka, na aende ofisi gani?
5. Jaji wa Malindi aliondolewa kwa hukumu yake au kwa mwenendo? Eleza tofauti yake.
6. Katika mtaa wako, ni nani aliyepokea fedha ya binti aliyeumizwa, na ni nani aliyeshuhudia?

Swali la sita halijibiwi kwa sauti. Kila mtu na alijibu moyoni mwake, kisha na afanye linalopasa.

Wabillahi taufiki.